Methadoni, soba hausi au kumfungia ndani: mtu wako yuko kwenye unga, umpeleke wapi?

Kwanza tuelewane, hapa naongelea unga, yaani heroini, ile ya kete. Sio bangi, sio mirungi, sio gongo. Nasema hivi mapema maana ugomvi mwingi wa kifamilia kuhusu "tumpeleke wapi" unaanzia kwenye kuchanganya vilevi, mama anasikia mtoto wa jirani katulia na methadoni (dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya unga) basi na yeye anambeba wa kwake anayekunywa gongo mpaka kliniki, anarudishwa getini, anarudi nyumbani analia kwamba wamemnyanyapaa. Hawajamnyanyapaa. Methadoni ni ya mtu ambaye mwili wake umezoea dawa za jamii ya afyuni tu, yaani heroini, mofini, pethidini na hizo tramado vijana wanazomeza kila siku. Kwa bangi au pombe haimsaidii kitu, na ukiichanganya na pombe inaweza ikamzima pumzi.

Na kwa wenye mtu wa pombe kali, anayeamka anatetemeka mpaka apate ya kutoa loki, au anayemeza Valium na vidonge vya jamii hiyo (bugizi kama wanavyoita Mombasa), naomba msimkatishe ghafla nyumbani. Arosto ya unga, yaani yale mateso ya mwili ukikikosa kilevi, inatesa vibaya sana ila kwa mtu mzima mwenye afya anayekunywa maji mara nyingi haiui. Ya pombe inaua. Degedege linaweza likampiga ndani ya siku mbili tu toka glasi ya mwisho, halafu kuanzia siku ya pili mpaka ya nne ndo kunakuja kule kuchanganyikiwa, joto, kuona wadudu ukutani. Hospitali wanampa diazepamu wanaipunguza pole pole pamoja na vitamini B1, na hiyo hata hospitali ya wilaya wanaiweza, haihitaji kituo maalum. Basi, pombe nimemaliza, turudi kwenye unga.

Kwani ni teja kweli?

Familia nyingi zinakimbilia kipimo cha mkojo, mtoto analazimishwa kukojoa kwenye kikopo, mistari inasomwa, hukumu inatoka hapo hapo. Kipimo kinakwambia kitu kimoja tu, kwamba hicho kitu kilipita mwilini siku chache zilizopita. Heroini inaonekana siku mbili tatu hivi baada ya kutumia, bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana wiki kadhaa, na mtu aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini anaweza kuonekana positivu kwenye kile kipimo cha afyuni na hajawahi kuiona kete. Uraibu haupimwi kwa mkojo, unapimwa kwa maswali.

Madaktari wa akili wa Marekani kwenye mwongozo wao wa DSM-5 wa mwaka 2013 waliweka dalili 11 za kuangalia ndani ya miezi 12. Mtu anatumia kuliko alivyopanga, amejaribu kuacha kashindwa, muda wote unaishia kutafuta na kutumia, hamu inamkaba, kazi au shule imemshinda, ugomvi na watu wa nyumbani na bado anaendelea, ameacha mambo aliyokuwa anayapenda, anatumia kwenye mazingira ya hatari, anajua kinamuumiza na haachi, dozi ya zamani haimtoshi, na akikosa anaumwa. Mbili au tatu ni uraibu mdogo, nne au tano wa kati, sita kwenda juu ni mkali. WHO (Shirika la Afya Duniani) kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, wamefupisha, wanaangalia matatu, kushindwa kujizuia, kilevi kupanda juu ya kila kitu kwenye maisha, na mwili kuzoea, ukikutwa na mawili kwa muda wa kutosha basi wewe ni mgonjwa.

Kwanini nakuchosha na haya? Kwa sababu uamuzi wote wa chini unategemea hapa. Kijana aliyevuta mara mbili tatu pale maskani akashawishiwa na washkaji hahitaji methadoni, ukimpa mwili ambao haujazoea unaweza kumuua, na akipona umemtengenezea utegemezi ambao hakuwa nao. Anahitaji kukaa chini na mtu wa ushauri nasaha na pengine kubadilisha maskani. Upande mwingine kuna dogo anayeapa kwamba yeye ni wa bangi tu, kumbe anavuta kokteli, ile bangi iliyonyunyiziwa unga, siku amekosa anaamka mafua yanamtiririka, tumbo linakata, mifupa inauma, anadhani malaria. Huyo tayari yuko ndani hata kama hajawahi kushika sindano.

Kumfungia ndani

Hii ndo njia inayopendwa kuliko zote maana ni ya bure na inaonekana ya kishujaa. Anafungiwa chumbani au anapelekwa kijijini kwa babu ambako "hakuna unga", kufuli, ndoo, maji, wiki mbili. Wengine wanaita kumkaushia.

Inavyokwenda ni hivi. Masaa manane mpaka kumi na mawili baada ya kete ya mwisho arosto inaanza, miayo, machozi, makamasi, jasho la baridi, vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Siku ya pili na ya tatu ndo kilele, anatapika, anaharisha, miguu inarukaruka yenyewe, halali. Kuanzia siku ya tano hivi inashuka na baada ya wiki au siku kumi mwili umetulia, kijana anakula ugali sahani mbili, mama anamshukuru Mungu, picha zinapigwa.

Hapo sasa ndo pa kuogopa, na watu hawapaogopi. Ile wiki ya mateso imeondoa kitu kimoja tu, mazoea ya mwili. Hamu iko pale pale, usingizi bado haujarudi vizuri kwa wiki nyingi, huzuni ipo, maskani ipo, jamaa wa kuuza yupo na namba yake anaikumbuka kichwani. Siku anarudi anapiga dozi ile ile aliyokuwa anapiga mwezi uliopita, ila mwili wa mwezi uliopita haupo tena, pumzi inapungua taratibu mpaka inakata. Mateja wengi wanakufa wakitoka sehemu, wametoka jela, wametoka kijijini, wametoka rihabu. Ndo maana mimi kwenye ulinganisho huu kumfungia ndani peke yake naiweka ya mwisho kabisa, chini hata ya kumwacha alivyo huku ukimtafutia nafasi kliniki. Najua hapo wazazi wengi hamtanipenda.

Kama mmeshaamua lazima mfanye hivyo, basi angalau msimfunge minyororo, ORS iwepo ndani, dawa za kuzuia kuhara na kutapika kutoka kwa mtu anayejua, na mtu wa kukaa naye usiku. Mwenye ujauzito hapana kabisa, arosto inaweza kumharibia mimba. Na muwe mmeshapanga siku ya kumi na moja inakuwaje, maana bila mpango wa baada ya hapo mnakuwa mmemwandaa kwa ajili ya ovadozi.

Methadoni

Dawa yenyewe sio ya juzi. Wajerumani waliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu, katikati ya miaka ya 1960 madaktari wawili New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, wakaanza kuwapa watu wa heroini wakaona wanatulia, wanarudi kazini. WHO waliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwetu Muhimbili ndo walifungua Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar wakaanza Kidongo Chekundu 2015, na sa hizi iko mpaka Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Kenya walianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, halafu Malindi, Kisauni, Kombani kule Kwale, Ngara na kwingineko, huko wengi wanaziita tu kliniki za MAT (kifupi cha Kiingereza cha matibabu ya uraibu kwa kutumia dawa).

Inafanyaje kazi? Heroini inapanda haraka inashuka haraka, kwahiyo teja anaishi kwa mizunguko, kila baada ya masaa kadhaa lazima atafute hela ya kete nyingine, na hela hiyo ndo inayomtoa kwenu na sufuria na simu za watu. Methadoni inakaa kwenye vipokezi vile vile kwenye ubongo, zile sehemu ambazo heroini inashika, ila inapanda taratibu na kukaa zaidi ya siku nzima. Anakunywa mara moja, ya maji, mbele ya nesi, anaongeleshwa kidogo kuhakikisha kameza, anaondoka. Akifika kwenye dozi yake inayomtosha halewi, hasinzii, arosto haiji, na akijaribu kupiga unga juu yake stimu yenyewe haionekani vizuri.

Sasa yale ambayo hamuambiwi pale mwanzoni. Wiki mbili za kwanza ni za hatari kuliko watu wanavyodhani. Wanaanza na dozi ndogo, mara nyingi miligramu 15 mpaka 30, wanapandisha kidogo kidogo, na wengi wanakuja kutulia kati ya 60 na 120. Tatizo dawa inajilimbikiza mwilini kwa siku kadhaa, kwahiyo kijana siku ya tatu anasema "dada hii haijanishika kabisa", anatoka getini anaongezea kete au anameza Valium, usiku dawa ya siku tatu na kete na Valium vinakutana. Hizo wiki mbili mtu asilale naye mbali, na mkisikia anakoroma kusiko kwa kawaida msifurahi kwamba leo kapata usingizi, muamsheni.

La pili ni dawa nyingine. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au ARV zenye efavirenzi au nevirapini, zinaimaliza methadoni mwilini haraka, anajikuta ana arosto saa kumi alfajiri watu wanadhani anadanganya ili aongezewe. Hadanganyi. Awaambie kliniki wampandishie, na akimaliza dozi ya TB awaambie tena washushe maana hapo itamzidi. Upande wa faida, vituo vingi vinapima HIV, TB na homa ya ini pale pale, na kuna sehemu anakunywa ARV yake dirisha lile lile na methadoni, kwa mtu aliyekuwa anajidunga hiyo pekee inatosha kumpeleka.

Halafu kuna nauli, na hapa ndo watu wengi wanakwama. Ni kila siku. Jumapili, Idi, Krismasi, mvua za masika. Dawa bure lakini daladala sio bure, na anayekaa Mbagala ndani ndani huko au Chanika akienda kituo cha mbali anatumia asubuhi nzima na nauli ya kwenda na kurudi ambayo kwa mtu asiye na kazi ni hela ndefu. Fundi anayeingia saiti saa moja, mvuvi anayelala baharini, dereva wa lori, hawa methadoni inawatesa. Kuna vituo vinawapa waliotulia dozi za kwenda nazo nyumbani kwa siku kadhaa, ulizeni hilo mapema, na mkipewa dawa iwe kwenye kabati la kufunga kwa ufunguo maana kinywaji cha mtu mzima aliyezoea kinaua mtoto. Kukiwa na msiba mkoani asiondoke kimya kimya, aombe barua ya kunywa kwenye kituo cha huko kama kipo. Akikosa siku tatu au zaidi asitegemee kurudi kwenye dozi yake ile ile, watamshusha, na wako sahihi. Ramadhani nayo iongeleeni kabla mwezi haujaandama, ni dozi moja kwa siku, kama kituo kinafungua jioni inaweza ikasogezwa baada ya futari.

Adha nyingine ndogo ndogo, jasho jingi, choo kigumu, mdomo mkavu na meno kuharibika, nguvu za kiume kupungua (hili ndo linalowafanya wanaume waache kimya kimya bila kumwambia mtu, bora aseme, dozi inaweza kuangaliwa), na kwa dozi kubwa mapigo ya moyo yanahitaji kupimwa.

Na lile la "mmembadilishia ulevi kwa ulevi". Jibu langu ni ndio na hapana. Ndio, mwili wake unategemea dawa, akiacha ghafla arosto ya methadoni ni ndefu kuliko ya unga, wiki mbili tatu au zaidi. Hapana, kwa sababu ulevi ni yale maisha ya mzunguko, na hayo yamekatika. Tathmini moja kubwa iliyotoka mwaka 2017 ilikusanya watu zaidi ya 120,000 walio kwenye methadoni katika nchi mbalimbali, wakakuta kwa kila watu 1,000 kwa mwaka walikufa kama 11 wakiwa ndani ya matibabu na kama 36 wakiwa wametoka. Mara tatu. Data nyingi ni za nchi tajiri, sawa, ila mapafu ya mtu wa Manzese hayana tofauti na ya mtu wa Ulaya. "Atamaliza lini?" ndo swali la kila mama, na nesi mkweli atakwambia chini ya mwaka usilifikirie, wengine miaka mingi, na kushuka kwenyewe ni taratibu kwa miezi, mgonjwa mwenyewe akiwa anataka, sio mama.

Soba hausi

Hizi zilianza kushika kasi Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 2000 zikavuka kuja Bara, na nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kuwa mateja wenyewe. Nyumba, geti, mnakaa pamoja miezi minne mpaka sita, wengine zaidi, mnaamka mapema, usafi, vikao asubuhi na jioni, Hatua 12 zile zile zilizotokana na chama cha walevi wa pombe kilichoanza Marekani mwaka 1935 na watu wa unga wakazichukua miaka ya 1950. Huna simu, ndugu wanakuja kwa siku maalum. Lengo ni kuacha kila kitu kabisa, pombe na bangi humo humo.

Nguvu yake ni kitu ambacho kliniki haiwezi kukupa, yaani watu. Umezungukwa na mtu aliyelala jalalani miaka sasa ana mke na duka la vipuri, anakwambia uongo wako kabla hujaumaliza maana na yeye aliusema. Mtu aliyepoteza ratiba ya maisha anaipata tena, kula, kulala, kuoga, kusema samahani. Kwa wale wa bangi, pombe (baada ya hospitali kumtoa kwenye arosto), au dawa mchanganyiko, hii ndo chaguo kubwa maana methadoni haiwahusu. Pia inamfaa yule ambaye kwao hakuna kliniki ndani ya umbali wa kufika kila siku.

Udhaifu wake. Kwanza ni hela, laki kadhaa kwa mwezi, na familia inalipa miezi miwili ya tatu inashindwa, kijana anatolewa katikati. Pili, nyingi hazina daktari, arosto anavushwa kwa maji na Panadol na maneno ya kutia moyo. Tatu, ubora unatofautiana mno, kuna nyumba safi zenye heshima na kuna nyumba za kufunga watu minyororo na viboko ambazo zinafungwa leo zinafunguliwa mtaa wa pili kesho. Tanzania Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ndo wanaoziratibu, Kenya ni NACADA wanaotoa kibali kwa rihabu, na NACADA wana namba ya bure 1192, Tanzania piga 119. Nne, na ndo kubwa, ile hatari niliyoisema kwenye kumfungia ndani ipo hapa pia, tena zaidi, maana anatoka baada ya miezi sita mwili msafi kabisa. Nyumba nzuri inamtoa polepole, kwanza wikiendi, kisha anarudi kwenye vikao kila wiki. Nyumba mbovu inampa cheti na keki.

Kitu kinachonikera binafsi ni soba hausi zinazomwambia mtu aliyetulia na methadoni kwamba bado ni teja, aache kwanza ndo wampokee. Na kuna watu wa kliniki nao wanaodharau soba hausi kwamba ni mambo ya kuimba na kulia. Mtu anaweza kunywa dawa asubuhi na kukaa kwenye kikao cha wenzake jioni, hakuna kinachogombana hapo isipokuwa majivuno ya watu wazima.

Nyingine kwa kifupi

Buprenofini ni ndugu yake methadoni, inawekwa chini ya ulimi, salama zaidi kwenye pumzi maana nguvu yake ina kikomo. Shida ni moja, lazima aianze akiwa tayari ana arosto, akiiweka bado unga umo mwilini inaufukuza kwa mpigo na anapata arosto ya ghafla ambayo hataisahau. Kenya imo kwenye baadhi ya huduma za MAT, Tanzania methadoni ndo imetawala. Kama ipo karibu na ana kazi ya kuhamahama, hii naipenda kuliko methadoni.

Naltreksoni inafunga vipokezi kabisa, akipiga unga hasikii kitu. Inasikika tamu kwa wazazi. Ila anatakiwa awe msafi siku 7 mpaka 10 kabla, kidonge ni rahisi kukificha shavuni akakitema, na sindano yake ya mwezi kwetu ni ya kuitafuta kwa tochi. Akiacha naye mwili hauna mazoea tena. Kwa mwenye usimamizi mkali na moyo wa kuacha kweli, sawa.

Dua, rukia (kile kisomo cha kumtibu mtu), maombi ya kufunga, mimi sina ugomvi nayo na wapo waliosimama kwa imani yao. Ugomvi wangu ni pale shehe au mchungaji anapomwambia aache methadoni au ARV ili aonyeshe imani. Hapo mchukueni mtu wenu muondoke.

Kwa hiyo mimi ningechagua nini

Anajidunga, anakaa Dar, Unguja mjini, Mombasa au sehemu yoyote ambayo kliniki inafikika, mimi ni methadoni bila kuzunguka, na hela ambayo mngelipa soba hausi igeuzeni nauli na chai ya asubuhi kwa mwaka mzima. Mwenye HIV au TB ndo kabisa. Mwenye ujauzito vilevile, methadoni, na asikatishwe, mtoto anaweza kuzaliwa na arosto kidogo ila inatibika wodini, na kunyonyesha anaruhusiwa. Wanawake kliniki huwa wachache, wanaogopa kuonekana, wanaogopa kunyang'anywa watoto, wengine mume au bwana ndo anayewapa unga, kwahiyo dada akikwambia hawezi kwenda usimwite mkaidi, msindikize. Mara nyingi kituo kinataka upitie asasi ya mtaani inayowafikia watumiaji, waelimisha rika wa hizo asasi wanajua foleni ikoje kuliko mtu yeyote.

Anavuta tu, miaka michache, familia ina uwezo, na mwenyewe anataka kuacha kila kitu, soba hausi inayoeleweka ni chaguo la haki, mkiwa mmeshakubaliana kwamba akirudi kwenye unga hatua inayofuata ni kliniki na sio soba hausi ya pili, ya tatu, ya nne. Nimeona familia zimeuza kiwanja kwa kurudia njia ile ile. Anakaa mkoa usio na huduma, hapo ni kuchagua kati ya kumhamishia kwa ndugu aliye mjini karibu na kituo, au soba hausi, na mimi naangalia huyo ndugu ni mtu wa aina gani. Ndugu anayemwita "teja" mbele ya wageni atamrudisha maskani ndani ya wiki, huyo bora soba hausi.

Ila njia yoyote mtakayochukua, nyumbani wajue ovadozi inafananaje: midomo ya bluu, mboni ndogo kama ncha ya sindano, haamki ukimfinya au ukimsugua kifua kwa ngumi, pumzi chache au mkoromo wa ajabu. Mpulizieni pumzi mdomoni, akianza kupumua mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, msimmwagie maziwa wala maji ya chumvi, msimwache alale "ataamka". Kama mnayo naloksoni mpeni, inazindua ndani ya dakika chache, lakini inaisha ndani ya nusu saa mpaka saa moja na nusu na methadoni bado imo mwilini, kwahiyo hata akisimama akaanza kugomba kwamba mmemharibia stimu, hospitali anaenda tu.

Na mkienda kuangalia soba hausi kabla ya kulipa, ulizeni haya: arosto mnamvushaje na nani daktari wenu, mmesajiliwa wapi, akitaka kuondoka mnafanyaje, anayetumia ARV au dawa za kifafa anazipataje, na miezi mitatu baada ya kutoka nani anamfuatilia. Halafu ombeni kuona wanapolala na kuongea na mkazi mmoja bila msimamizi kusimama pembeni. Wakisema hilo la mwisho haliruhusiwi, rudini na mtu wenu nyumbani mkaendelee kutafuta.